Nilivyomwachia Binti Yangu Nafasi

Jikoni siku ile nilikuwepo mimi. Binti yangu wa pili, mpishi mwenzangu, aliyerudi kwangu na watoto wake baada ya mumewe kule Maswa kumvunja mkono. Wifi yangu, ndiye aliyenitafutia kazi pale chuo cha ualimu. Mzee wa kuchanja kuni, wa ukoo wa mume wangu. Na afisa utumishi, yeye mgeni, hana undugu na mtu. Majina yao wote ninayo. Siyaandiki, wana wajukuu hapa Bariadi.

Ilikuwa miaka ile serikali inapunguza watu, vyuo vinaambiwa kazi ya chakula apewe mzabuni. Afisa akasema wapishi wapungue, aliyeingia mwisho atangulie kutoka. Wa mwisho alikuwa binti yangu.

"Na ugali nao utapunguzwa?" wifi akauliza.

Tukacheka. Afisa hakucheka.

Mshahara ule ndio uliomweka binti kwangu. Baba yake alishasema, siku kazi ikiisha arudi kwa mumewe, ng'ombe wa watu walishaliwa.

Basi nikawaza kwa akili za kwetu. Kwenye kulima kwa zamu, mama akiugua binti anakwenda na jembe lake, na hakuna wa kuuliza. Nikamwambia afisa, "Baba, mimi nimezeeka. Nitoke mimi, huyu akae pangu."

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika."

Nikavua aproni pale pale, nikamvalisha binti yangu. Akalia kwa furaha.

Wiki iliyofuata wakamtoa naye. Nikaenda ofisini na wifi.

"Mama, ulipoacha kazi nafasi yako ilifutwa," afisa akasema. "Nafasi ya kazi si shamba, hairithiwi. Na yeye bado alikuwa wa mwisho."

Wifi akamjia juu. "Si ulimuuliza kama ana hakika?"

"Nilimuuliza kama ana hakika ya kuacha kazi."

Mumewe akaja kumchukua. Nilimpigia magoti baba wa binti, wapi. Binti akaondoka asubuhi, mtoto mdogo mgongoni, mkubwa akimfuata. Sikumwona tena akiwa hai.

Mimi nakumbuka alipofika barabarani aligeuka akanipungia mkono. Wifi yangu mpaka anakufa alisema hakugeuka. Mzee wa kuni alikuwepo, na wengine walikuwa wakipita kwenda mnadani. Ninyi mlioona, kama nimekosea, kama hakugeuka, niambieni tu.