Milimita Tisa Inatosha

Msiniletee habari ya risasi kubwa. Nimeusikia upuuzi huo mpaka nimechoka, na ulinifukuzisha kazi, kwa hiyo leo nasema nitakavyo.

Klabu ya shabaha niliyokuwa nafanyia kazi hapa Dubai ilikuwa ya ndani, viyoyozi kila kona. Mimi nilikuwa mfagiaji. Naokota maganda ya risasi sakafuni, nayatenga kwenye ndoo, membamba ya milimita tisa huku, manene ya fotifaivu, yaani ile kubwa ya .45, kule. Hakuna aliyejua kwamba kwetu Kenya nilikuwa afande miaka minane, na mitatu kati ya hiyo nikifundisha makurutu bastola. Ajenti wa Nairobi ndiye aliyeniambia nisiandike. "Wakiona polisi hawakuchukui, dadangu. Andika klina." Nikaandika, mjinga mimi. Wala sikuwa peke yangu. Kwenye chumba chetu cha Al Muraqqabat tulilala wanawake sita, na mmoja alikuwa sajenti wa jeshi aliyekuja kwa jina la mpishi, hata chapati hajui kusukuma.

Asubuhi moja akaja mama wa makamo, mwenyeji wa hapa, kavaa abaya, viganja vidogo. Wanawe wa kiume walikuwa wamemcheka kwamba hawezi kulenga, naye kaapa atawaonyesha. Mkufunzi wetu mkuu, bwana mwenye kifua mbele, akampa fotifaivu. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba tisa inamtekenya mtu tu, fotifaivu ndiyo inayomwangusha.

Mama akapiga tatu. Bastola ikamrukia kila mara, karatasi haikuguswa. Akaiweka chini, akajishika mkono. "Ah, mkono wangu miye!"

Jamani, Kiswahili cha Unguja! Kumbe wazee wake walitokea huko. Maneno yakanitoka kabla sijafikiri. "Pole, mama. Kosa si lako, ni la hiyo bastola."

Akageuka. "Hebu njoo, mwanangu. Nambie vizuri."

Nikaegemeza fagio ukutani nikamweleza. Risasi ya bastola, iwe kubwa iwe ndogo, inatoboa tundu. Haimrushi mtu nyuma, huo ni uongo wa sinema. Fotifaivu ni nzito na pana zaidi, sawa, lakini inakwenda polepole, inaupiga mkono teke, na bastola zake nyingi hubeba risasi saba au nane. Ya tisa hubeba kumi na tano, na mkono unarudi shabahani upesi. Siku hizi kuna risasi za tisa zinazopanuka zikiingia mwilini, pengo kati yake na fotifaivu limebaki dogo. Kinachohesabika ni pale ilipopiga, na huwezi kupiga pazuri ukiwa unaiogopa bastola yako.

Akaomba ya tisa. Mkufunzi akampa huku amenuna. Katika kumi, saba zikaingia kwenye duara jeusi, na mama akapiga kigelegele mle ndani!

"Khalas, basi imetosha," mkufunzi akaniambia, shingo imemwiva. "Rudi kwenye fagio lako."

Nikamuuliza mbele ya wateja: "Wewe umewahi kurushiwa risasi? Mimi nimewahi. Mara mbili." Akaenda moja kwa moja kwa meneja.

Saa sita meneja akaniita ofisini. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akauliza nimejulia wapi. Nikamwambia yote, ajenti na miaka minane. Akafungua faili langu, akaangalia lile neno klina, akashusha pumzi. Mkufunzi anataka heshima yake, akasema. Nimpigie mama simu sasa hivi, nimwambie nilikosea, fotifaivu ndiyo bora, halafu habari ya polisi itazikwa hapa hapa. Nikikataa, viza inafutwa kwa kudanganya kwenye karatasi.

Viza ile ndiyo iliyokuwa inamsomesha binti yangu, yuko kidato cha tatu. Nilimfikiria, nilimfikiria sana. Meneja akanisogezea simu.

"Sir," nikasema, "kwenye karatasi nilidanganya, nakubali. Nilijifanya sijui kitu ili nipate fagio. Unatosha uongo huo mmoja. Futa viza. Na yule mama akirudi, mpeni ya tisa."