Wakwe Wawili Wasiojua Kukaa

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Kuanzia soko la mbao hadi gereji za nyuma yake, kila mtu alimwita Bi Sogea, na jina hilo alipewa na wateja. Kibanda chake cha chakula kilikuwa na kaunta moja ya mbao na benchi moja refu, na saa za mchana watu walikuwa wengi kuliko benchi lilivyoweza kubeba. Basi yeye, upawa mkononi, alikuwa akipita kwa nyuma na kuwagusa mabega.

"Sogea, mwanangu, sogea kidogo. Mwenzio naye ana tumbo."

Nao walisogea. Fundi gereji mwenye grisi hadi viwikoni alibanana na karani mwenye tai, wakala wali na maharage ya sufuria moja huku wakiutazama ukuta mmoja. Aliyenuna aliambiwa ngoja ngoja huumiza matumbo, na kabla hajapata jibu sahani ilikuwa imeshatua mbele yake.

Kazi hiyo aliianza mumewe alipofariki, binti yao akiwa bado ananyonya. Hakuwa na mbele wala nyuma, ila mkono wa kupika alijaliwa. Aliamka kabla jogoo hajawika, akabandika maharage, akachambua mchele kwa mwanga wa taa ya mkononi, na mtoto mgongoni akabembelezwa na mlio wa ungo. Kibanda hicho ndicho kilichomlea binti yule, kikamsomesha, hadi akawa fundi umeme mwenye mkanda wake wa vifaa kiunoni.

Lakini mazoea yana taabu. Miaka yote hiyo Bi Sogea hakula hata siku moja akiwa ameketi. Alikula wima nyuma ya kaunta, kijiko hapa, kijiko pale, macho yakiwa kwenye sahani za watu kuona ni nani aliyeishiwa mchuzi. Nyumbani mambo yalikuwa yale yale.

"Mama, kaa basi ule."

"Nakaa, mwanangu, nakaa," alikuwa akijibu, huku anafuta jiko.

Akialikwa mahali, wenye shughuli walimkuta jikoni anasonya kwa sababu vitunguu vimekatwa vinene.

Siku moja binti yake aliitwa kwenye duka la nyama ambalo friji lake lilikuwa limezima. Akamkuta kijana, fundi wa friji, ameshalifungua na kushika kiuno. Kijana akasema kosa ni la umeme. Binti akasema umeme hauna neno, kosa ni la friji. Walibishana hadi mwenye duka akawaomba, kwa heshima zao zote, wakumbuke kwamba nyama inayeyuka. Kosa lilikuwa la umeme. Binti alikubali, na kijana hakumcheka. Binti mwenyewe alisema baadaye kwamba hapo ndipo moyo wake ulipotoka nje ya nyumba.

Ikafika siku ya wazazi kukutana. Wale vijana walijifungia wakapanga kwa siri. Kwa Bi Sogea haikufaa, kwani angeshinda jikoni na wageni wangezungumza na mlango. Kwa kina kijana haikufaa pia, ila sababu yake kijana aliificha. Wakachagua mgahawa wa katikati, wenye meza zilizotandikwa plastiki ya maua na feni iliyozunguka kwa mlio wa mtu anayetafuna karanga.

Baba wa kijana alikuwa mrefu, mgongo umenyooka kama rula. Alikuwa mhudumu wa hoteli kubwa ya mlimani tangu ujana wake, kule kwenye vitambaa vyeupe na glavu nyeupe, wageni wanakoongea kwa sauti ya chini kama wako hospitali. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mfupi, mcheshi, mwenye sauti iliyozoea uwanja.

Wakasalimiana, wakaulizana hali. Mhudumu wa pale, dada mmoja peke yake kwa kuwa mwenzake hakutokea, akaleta maji. Kabla hajayamimina, baba wa kijana alikuwa ameshalichukua jagi, ameinuka, anazunguka meza na kummiminia kila mtu kwa upande wa kulia bila tone kuanguka.

"Mkwe, kaa," alisema Bi Sogea.

"Nakaa, mkwe, nakaa."

Bi Sogea akalitambua jibu hilo. Akamtazama vizuri. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa ameshika kitambaa, anafuta meza ya jirani ambayo hakuna aliyemtuma kuifuta.

Chakula kilikuwa hakijafika walipoingia vijana wa timu ya mpira, wametoka kushinda, wanaimba na kudai kuku, soda na viti kwa wakati mmoja. Yule dada akabaki katikati ya mgahawa, trei kifuani, machozi yakimlengalenga.

Bi Sogea alijizuia. Aliyashika makalio yake kwenye kiti kwa nguvu za imani. Kisha akaona vijana wawili wamesimama na kwenye benchi kuna nafasi.

"Sogea, mwanangu!" sauti ikamtoka. "Hapo wanaenea watu wengine wawili. Wewe mwenye miguu mirefu, ikunje. Nani anataka wali? Inua mkono, usiimbe."

Alipogeuka kuelekea jikoni, alipishana mlangoni na mkwe wake anatoka, sahani zimepangana kwenye mkono mmoja kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko, uso umetulia kama mtu aliyebeba gazeti. Yeye akapakua, mkwe akapeleka. Mwenye mgahawa akachungulia kutoka kwenye moshi, jasho likimtiririka.

"Samahani, ninyi ni nani?"

"Wageni," alijibu Bi Sogea. "Maharage yako yanataka chumvi."

Ndipo mwalimu wa chekechea aliposimama mezani, akapiga makofi mara mbili.

"Wote wawili! Rudini mkakae! Mikono juu ya meza!"

Wakarudi. Timu nzima ya mpira ilinyamaza, wengine wakaweka mikono juu ya meza bila kujua kwa nini. Kisha mtu mmoja akacheka, na mgahawa mzima ukavunjika mbavu. Fundi umeme na fundi friji wakatazamana kwa aibu, wakakuta kila mmoja anajua kwa mwenzake kukoje.

"Kumbe hata wewe, mkwe?" aliuliza Bi Sogea.

"Hata mimi. Huyu mama watoto alishanikatia tamaa. Nikiwa nyumbani namwekea kitambaa mapajani akinywa uji."

"Basi tuwekeane dau. Wewe njoo kwangu, nikuandalie, ukae. Mimi nije kwako, uniandalie, nikae. Atakayeinuka kabla hajamaliza kula ataosha vyombo vya arusi."

Wakashikana mikono, mwalimu akiwa shahidi.

Juma lililofuata baba wa kijana alifika kibandani, amevaa shati lililopigwa pasi hadi kwenye mifuko. Mafundi gereji walisogea pale benchini na kumpa nafasi yake. Bi Sogea akamwekea wali, maharage na kipande cha samaki kilichokaangwa kikawa na ukoko mwembamba. Mzee alikula, akafumba macho.

"Mkwe, hiki kitu..."

"Kula, usihubiri."

Akala kwa utulivu wa mtu aliyeshinda dau tayari. Sahani ilikuwa imefika nusu pale karani mwenye tai, akisimulia jambo kwa mikono yote miwili, alipoigonga bilauri. Haikupata hata kulala chini. Mzee alikuwa wima, leso mkononi, ameidaka, ameikausha kaunta na ameshamuuliza karani kama angependa maji mengine.

Benchi zima likaguna. Mzee akaitazama leso yake kama vile ni ya mtu mwingine.

"Vyombo," alisema Bi Sogea kwa upole.

"Bado zamu yako, mkwe. Usicheke mapema."

Zamu yake ikafika. Ile hoteli ya mlimani iliwaruhusu watumishi wake wa siku nyingi kumwalika ndugu mara moja kwa mwaka, na mzee hakuwahi kuitumia nafasi hiyo. Bi Sogea alifunga kibanda, akavaa gauni la bluu aliloshonewa na binti yake alipopata kazi. Mlangoni alifunguliwa na mtu, akamshukuru, akataka kumsaidia kuufunga.

Kiti alichovutiwa kilikuwa na mikono na mto. Meza ilikuwa na uma na visu kama duka la vyuma.

"Nianze na uma upi?" alinong'ona.

"Wowote, mkwe. Hakuna uma unaojua zamu yake," alinong'ona mzee, glavu nyeupe zikiwa zimekunjwa vizuri kwenye vifundo vya mikono.

Ililetwa supu. Akaimaliza, mkono ukaenda kwenye sahani ili aiinue. Mzee akakohoa. Mkono ukarudi. Ukaletwa mkate wa moto, akaukata vipande vidogo ili apate la kufanya. Kisha akaletewa samaki mzima. Mzee akasimama kando yake, akachukua kijiko na uma, akaipasua ngozi kwa juu na kuuinua mti wa miba wote pamoja, akauweka pembeni. Akapekua tena polepole, akatoa kamwiba kadogo kalikokuwa kamebaki, kisha akamsogezea sahani.

Bi Sogea aliangalia ile nyama nyeupe isiyo na mwiba. Alishawachambulia miba watoto wa watu, wazee wasioona vizuri, na binti yake hadi alipokuwa mkubwa wa kuona haya. Akajaribu kukumbuka mara ya mwisho yeye kuchambuliwa, akamwona mama yake kwa mbali sana. Akala taratibu, hadi mwisho, bila kumtazama mtu yeyote.

Baada ya hapo mgongo wake uliegemea kiti, wenyewe, bila ruhusa. Dirisha lilikuwa wazi, upepo unaingia. Ile miaka ya kuamka kabla ya jogoo ikamjia yote kwa pamoja, na Bi Sogea akalala fofofo, midomo wazi kidogo, katikati ya wageni wanaokula kwa sauti ya chini.

Msimamizi wa ukumbi akaja kwa hatua za haraka. "Mzee, yule mama amelala mezani."

"Ni mkwe wangu," alisema mzee. "Na bado hajamaliza kula. Kuna matunda."

Alisimama nyuma ya kile kiti kama mlinzi wa hazina, na kila mhudumu aliyepita na trei aliambiwa kwa kidole apite mbali. Bi Sogea alizinduka watu wengi wakiwa wameshaondoka.

"Nimelala?"

"Umepumzika."

"Nimeinuka?"

"Hujainuka."

"Basi vyombo ni vyako," alisema, akavuta bakuli la matunda.

Arusi ilifanyika, watu wakala, na mzee akaosha vyombo, mikono mitupu, sabuni hadi kwenye mabega, mkewe akimhesabia kwa sauti ya darasani sufuria zilizobaki.

Tangu hapo Jumatatu kibanda hakifunguliwi. Mafundi gereji walinuna, kisha wakazoea. Siku hiyo mwalimu akitoka shuleni, yeye na Bi Sogea huenda kula. Wiki hii wanakaa kwenye vigoda vya muuza supu wa stendi, wiki ijayo kwenye baraza la mgahawa wenye maua, kutegemea wameamkaje. Yule mama aliyekuwa anakula wima sasa amekuwa mteja wa kuogopwa. Huuliza samaki alilala wapi jana. Hutaka mto.

Jumatatu moja walijaribu mahali papya, karibu na posta, na chai ikaletwa vuguvugu. Mwalimu akamkonyeza kwamba wainywe tu, binti wa watu aliyeileta ndio kwanza anaanza kazi. Bi Sogea akainua kidole.

"Mwanangu, chai hii imesafiri mbali, imechoka. Nitafutie iliyotoka jikoni sasa hivi."

Yule binti akacheka, akachukua vikombe na kuondoka navyo. Bi Sogea akajiegemeza, akavua viatu chini ya meza, akamgeukia mwenzake.

"Haya, endelea, mkwe. Huyo mtoto aliyejitia harage puani, mlilitoaje?"