Mwali wa Miaka Thelathini na Sita

Mjukuu wangu anafundisha chuo kikuu na alikuwa anaandika kitabu cha kupata udaktari, si ule wa sindano. Anachunguza wanawake na wanaume, nani anamkalia mwenzake kichwani na kwa nini. Mimi niliishia darasa la tatu. Nikamwambia hayo hata muuza nazi wa Kariakoo anayajua.

Sura moja ilimkwama, ya sisi makungwi tunaowafunda wari mambo ya ndoa na ya chumbani. Mwalimu wake alimpa hadi mwisho wa mwezi, la sivyo aanze upya. Akawafuata shoga zangu watatu (majina yao ninayo yote, na ya waume zao wote, ila amenikataza kuyaandika). Mmoja kamwambia tunafundisha kusuka mikeka. Wa pili, kupika visheti. Wa tatu alimnywesha chai mpaka simu ya kurekodia ikaisha chaji.

Akaja kwangu machozi yanamlengalenga. "Bibi, kwa nini wananidanganya?"

"Hujachezwa unyago, mke mwenzangu. Ulipovunja ungo mama yako alikupeleka bweni. Nani atamwambia mtoto mambo ya watu wazima?"

"Nina miaka thelathini na sita!"

"Basi umechelewa. Njoo Jumamosi."

Mimi na shoga zangu wale wale tukamkalisha mkekani chumbani kwangu Magomeni, miguu kanyoosha, khanga kichwani. Simu nikaifungia kabatini. Haikupita nusu saa, mkono ukanyanyuka chini ya khanga kama yuko darasani. Mmoja wao, muuza samaki wa kukaanga, niliyemteua awe somo wake wa kumwongoza, akaupiga kofi.

"Shusha! Mwali ana masikio, hana mdomo."

Maskini, na kazi yake yote ni kuuliza.

Tuliyomfunda siyaandiki. Mengine alicheka hadi akapaliwa. Kwa moja alikunja uso: mume akigomba, nyamaza. Tulipomfunua akaapa kwamba ya mkekani hayatoki, halafu akaanza kulia.

"Sasa nimejua yote, na siwezi kuandika hata neno!"

Tukatazamana. Hilo hatukuwa tumelifikiria.

Akajifuta kamasi. "Nina swali moja, na si la mkekani. Hili la kumnyamazia mume, nani kati yenu alilifuata?"

Somo wake alimtupia mume godoro barabarani. Mwingine kadai talaka kwa waume watatu. Mimi, marehemu babu yake akitaka kunigombeza, alianza kwa kuomba samahani.

Somo akaangua kicheko. "Mwanangu, sisi tunafundisha, hatujasema tunayaweza!" Kisha akatulia. "Mimi nilinyamaza miaka kumi. Kodi ya chumba alilipa yeye. Nilipopata meza yangu ya samaki, mwezi huo huo godoro likatoka."

Nikafungua kabati, nikamrudishia simu. Haya yalikuwa maisha yetu, hayakuapiwa. Tulisema hadi magharibi.

Sura imepokelewa. Alipokuja kutusomea, somo wake akamkatiza.

"Umeandika 'alitengana na mumewe'. Futa. Andika nilimtupia godoro."

"Somo, hiyo ndiyo lugha ya chuo."

"Chuo kilikuwepo siku hiyo?"

Akafuta.