Karanga za Haneti

Siku za mwisho za mashindano upepo ulikata. Boti yetu ya matanga ilikuwa inasonga kwa kujikokota, na taa za boti iliyotufuata zilionekana kila usiku. Nahodha, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliamuru tupunguze uzito.

"Chakula kinachozidi mahitaji ya kesho, mwaga," aliniambia.

Mimi ndiye niliyekuwa mtunza chakula. Plastiki haitupwi baharini, kwa hiyo nilipasua pakiti moja moja, nikamwaga mchele, maharage na unga wa maziwa, kisha nikakunja mifuko mitupu. Nimekulia Haneti, kilomita nyingi kutoka kwenye maji yoyote ya kuogelea. Kwetu punje ikidondoka jikoni mtu anainama kuiokota. Wenzangu walikuwa wananitania kwamba namwaga kama ninayezika. Niliwachekea, lakini niliwachukia kidogo.

Kisha nahodha akasema kila mtu atoe na vya kwake. Mmoja alitupa matunda yake makavu, mwingine chokoleti. Mimi nilikuwa na mfuko wa kitambaa wenye karanga alizonikaangia mama kwa chumvi siku naondoka. Nilikuwa nazila chache chache wakati wa zamu, na bado mfuko ulikuwa umejaa zaidi ya nusu. Ningeweza kuuficha ndani ya blanketi, wala hakuna ambaye angenipekua. Lakini nilikuwa mgeni katika kazi ile na nilitaka sana waniite tena. Nikazimwaga mbele ya nahodha, makusudi anione. Zilielea kwa muda, nikageuka ili nisiziangalie.

Tulishinda. Tuliwatangulia wale wa nyuma kwa muda usiotosha hata kuchemsha chai, na nahodha akatuambia kila kilo ilikuwa na kazi yake. Kwa hiyo hata kujidanganya kwamba nilizimwaga bure siwezi.

Nilipofika bandarini nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefika salama?"

"Salama kabisa. Tumekuwa wa kwanza."

"Mungu mkubwa. Na zile karanga, zilikufikisha?"

"Zilinifikisha, mama."

"Nilijua tu. Niliogopa utalala njaa huko kwa watu. Zilikuwa zile nilizoziweka za mbegu, ndiyo maana ni kubwa. Sasa mvua imenyesha, wenzangu wako shambani, mimi nimekaa zangu hapa nyumbani. Si neno, almradi ulikula."

Aibu ilinishika mpaka nikakaa chini pale gatini. Hapo ndipo ningemwambia. Badala yake nikasema zilikuwa tamu, hata nahodha alizisifu.

Mama alicheka kwa furaha. Akasema mwakani akipata mbegu, atamkaangia na nahodha za kwake.