Waridi Lililopigwa Bila Hodi

Nakumbuka Jumamosi ile, saa kumi na dakika ishirini za jioni, maana simu yenyewe iliandika saa chini ya picha. Mwanangu, usicheke nikikuita hivyo. Nina miaka kumi na saba, sijakuzaa bado, hata baba yako simjui. Lakini mimi ni mutu wa haya. Nasaha za mdomo zinanishinda. Nakuwekea hizi kwenye daftari, uzikute siku utakaposhika simu yako mwenyewe. Majina nimeyabadilisha. Utaona kwa nini.

Waasi walikuwa wameuchukua mji na shule zilikuwa zimefungwa. Huku mtaani kwetu Murara nilikuwa nikiua siku kwa kujifunza kupiga picha za maua, kwa simu ya dada yangu yenye kioo kilichopasuka. Mwalimu wangu alikuwa Muzee Anselme, jirani yetu, aliyekuwa na studio kule Birere mpaka volkano ikashuka na lava ikaimeza, mashine na viti vyote.

"Ua halipigwi ukiwa umesimama kama askari," alikuwa akiniambia. "Piga magoti. Jua liwe begani. Ukibonyeza, zuia pumzi."

Na maua kwetu si kitu cha bure. Ardhi yetu ni jiwe jeusi. Anayetaka waridi hubeba udongo kwa beseni kutoka mbali. Mama Sifa, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alibeba wake miezi mingi, na waridi lake jekundu lilikuwa likichanua nyuma ya nyumba, karibu na dirisha. Siku ile geti lake lilikuwa wazi kidogo. Yeye alikuwa ameenda kuteka maji. Niliingia bila kupiga hodi. Nisikufiche: kupiga hodi ni kusema, na kusema kunanishinda. Nilipiga magoti, nikazuia pumzi, nikabonyeza, nikatoka. Kabla sijafika kwetu nilikuwa nimeshaiweka kwenye statut ya simu, wote wenye namba yangu waione.

Nikampelekea Muzee Anselme, nikingoja sifa. Alivaa miwani, akatabasamu.

"Eeh! Leo umeshuka vizuri. Hata umande... hapana, jioni hakuna umande, haya ni maji ya kunawa yaliyomwagwa." Akaikuza picha kwa vidole viwili. "Mutoto, hapa unaona nini?"

"Waridi, Muzee."

"Na huku nyuma?"

"Nyuma hakuna kitu. Dirisha tu."

Akanigeuzia simu. Ndani ya dirisha, kati ya majani mawili, kijana alikuwa ameinama juu ya beseni, uso umelowa maji. Ni Patrick, mtoto wa Mama Sifa. Watu wa bunduki walikuwa wakikusanya vijana wa rika lake wakapigane, na mama yake alikuwa ameuambia mtaa mzima kwamba amevuka ziwa, yuko kwa shangazi yake Bukavu.

"Umeionyesha nani?"

"Iko kwenye statut."

"Futa. Sasa hivi."

Nilifuta. Lakini watu kumi na wanne walikuwa wameshaiona, na mwanafunzi mwenzangu mmoja alikuwa ameniandikia: "Roze nzuri! Na huyo nyuma si Patrick?" Maji yakimwagika hayazoleki.

"Imekwisha, Muzee, si nimefuta? Tunyamaze tu."

"Umeifutia simu. Mama yake hajui bado." Aliinuka, akachukua fimbo. "Wewe ulifikiri pazia la studio yangu lilikuwa la urembo? Kila uasi uliopita hapa, watu walikuja kupiga picha mbele ya kitambaa, wasionyeshe wanalala wapi na nani. Macho hayana pazia, mutoto wangu. Mpiga picha ndiye anayelitundika. Twende."

"Umwambie wewe."

"Mimi sikubonyeza."

Mwanangu, hatua zile za nyumba tatu ni safari ndefu kuliko zote nilizowahi kutembea. Safari hii nilipiga hodi. Nikasikia kiti kikisogezwa ndani, mlango mwingine ukifungwa taratibu, ndipo Mama Sifa akaitika. Hapo nikaelewa. Hodi ndiyo iliyokuwa ikimficha mtoto wake siku zote, na mimi ndiye niliyeiruka.

Nilisema yote nikitazama miguu yangu. Mama Sifa aliketi juu ya bidoni, dumu la maji aliyotoka kuteka.

"Miezi miwili nimefunga mdomo," akasema polepole. "Nikicheka na watu, nikipika sahani moja. Kumbe nilipaswa kufungia na maua." Kisha akainuka haraka. "Machozi utayamaliza kesho. Patrick! Vaa viatu."

Kabla jua halijazama, Patrick alitoka akimfuata Muzee Anselme, akiwa na kofia ya mzee na kiti kichwani, kama fundi anayepeleka kazi. Wapi? Sikuuliza, na ningejua nisingeandika.

Asubuhi yake mapema, watu wawili wenye bunduki waligonga kwa Mama Sifa. Walikuta beseni, limekauka.

Kwa hiyo nakwambia, mwanangu: haya ni nguo nzuri, lakini usiivae mahali panapotakiwa sauti. Piga hodi kwenye geti, hata kwa ua tu. Kabla ya kubonyeza, tazama nyuma kwanza, mbele baadaye. Na ukikosa, usijifiche kwa kufuta. Nenda mwenyewe ukaseme kungali mapema. Nami kama ningenyamaza jioni ile, leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Wale watu walipoondoka, nilichukua kitenge cha mama yangu nikaenda. Nikapiga hodi, nikangoja. Mama Sifa alikiona kitenge, akaelewa bila maneno. Akashika ncha moja, nyingine tukaifunga kwenye msumari wa dirisha, waridi likabaki mbele ya kitambaa cha buluu.

"Mungu akupe macho yanayofika mpaka nyuma," alisema, "na ulimi wa kuyasaidia."

Baraka hiyo ni yako pia. Nimeipokea kwa ajili ya wote wawili. Nilipiga magoti. Nilitazama nyuma ya waridi: kitenge tu, na vidole vya Mama Sifa pembeni. Nikamwomba avisogeze, nikazuia pumzi, nikapiga. Nikamwonyesha yeye peke yake.