Mkwe Wangu Ndiye Mwenye Kupima Kifua Changu

Jina langu ficheni vizuri, kwa sababu hapa soko ya Otonglo habari za watu mimi ndio huanza kuzitangaza, na wakijua yangu watalipiza. Niko na miaka arobaini na nane, nauza omena, hizo samaki ndogo za ziwa, na kicheko kwangu haiishi.

Msichana wangu wa kwanza ameolewa na kijana wa yunivasiti. Anasoma fizikia, lakini ile ya hospitali. Nilikuwa najigamba sokoni, "Mkwe wangu anasomea mashine ya kuchoma ugonjwa!" Mmoja akasema, "Ai, si huyo ni fundi wa stima tu?" Nikamwambia fundi ni bwana yako.

Sasa nimepata uvimbe kwa titi. Daktari wa Kisumu alipima, akaniambia, "Mama, ni kansa, lakini haijaenda mbali. Enda Nairobi uchomwe na miale, usikawie." Tukaenda na msichana wangu. Nesi akasema nivue blauzi nilale, mtu wa vipimo anakuja kunichora kifua na wino, mahali miale itapita. Pazia ikafunguka. Mkwe wangu! Kumbe shule yao imemtuma mazoezi hapo, na hata msichana wangu hakujua ni yeye huchora wagonjwa. Koti nyeupe, rula kwa mkono. Woi! Nilivuta shuka mpaka kichwa. Yeye akageukia ukuta, akasema: "Mama, nisamehe, sijaona kitu."

Wajaluo mnajua. Huyu kijana hata chakula hawezi kula mbele yangu, hata mkono hatusalimiani. Sasa aone titi yenye ilinyonyesha bibi yake? Hiyo italeta chira, ile laana ya kuvunja mwiko, na wajukuu wangu ndio watakonda.

Nikauliza kama hakuna mwingine. Nesi akasema ati mwingine ni mwalimu wa huyo kijana peke yake, na huyo mwalimu ameenda ng'ambo, kurudi haijulikani. Nikavaa nguo nikarudi nyumbani.

Mzee wangu anasema, "Ukivua mbele ya mkwe, usirudi hapa bomani." Msichana analia, "Mama, unataka nikuzike juu ya aibu?" Kijana naye ametuma neno, ati ataacha hiyo masomo kabisa, asije akaitwa mkwe mwenye aliona kifua ya mama mkwe. Sasa akiacha, nani atanipima?

Sokoni bado nawachekesha. Lakini jana nikioga niliguza ule uvimbe, na umekua.

Nyinyi wamama wenye hujificha mkiona mkwe barabarani, ingekuwa nyinyi mngevua? Niambieni mapema nikiwa bado niko: nifanye nini?