Mama Nakala na Seva Isiyozimwa

Saa saba kasorobo mchana. Mama Nakala amesimama nyuma ya kiti chake mwenyewe, mikono kaifumbata kwapani. Baridi ipo kweli, maana chumba hiki hakina dirisha na kiyoyozi hakipumzishwi, lakini leo mikono imefichwa kwa sababu nyingine. Ameamriwa asiguse kitu.

Kitini ameketi dada anayepokea simu za wateja, daftari likiwa mapajani. Mama Nakala ameliandika daftari hilo kwa mkono wake: hatua kumi na moja za kuurudisha mfumo wa kampuni iwapo seva, yaani kompyuta kuu, itaharibika. Meneja kaegemea mlango, anaangalia saa.

Sharti la meneja ni moja. Dada aurudishe mfumo mzima kwenye kompyuta ya akiba kwa kufuata daftari, bila kusaidiwa hata kwa kikohozi. Akiweza, Mama Nakala atapewa likizo akafanyiwe upasuaji wa jicho. Akishindwa, hakuna likizo, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumshikia kazi.

Ugonjwa wa mtoto wa jicho umeshaziba jicho la kulia. Upasuaji umeahirishwa mara tatu, na daktari amesema wazi kwamba akizidi kuchelewa hamhakikishii kitu.

Mama huyu wa miaka hamsini na tatu, ambaye jina hilo la utani alipewa na madereva, anafanya kazi katika kampuni inayopeleka mitungi ya oksijeni kwa wagonjwa majumbani. Wako mia tatu na kumi na wawili. Seva ndiyo inayojua nani ana mtungi gani, utaisha lini, na nyumba yake inafikiwaje. Simu zinaingia saa zote, kwa hiyo seva haizimwi.

"Watu wananiuliza, kwa nini usiizime nusu saa, ukanakili kila kitu, ukapumzika?" anasema. "Nawaambia, ziba pua yako hiyo nusu saa, halafu tuongee."

Kwa hiyo ananakili huku seva ikiendelea na kazi. Jumapili, simu zinapopungua, anachukua nakala kamili, polepole, kwa saa saba, ili mashine isilemewe. Siku nyingine anachukua sehemu tu, yale yaliyobadilika tangu jana: oda mpya, anwani iliyorekebishwa, mgonjwa aliyeongezwa. Hiyo inamalizika kwa dakika tisa.

Kila nakala ina diski yake, na kila diski inasafiri ndani ya mkoba wake hadi kabati la chuma katika jengo la pili, ikiwa imevikwa soksi isigongwe. "Mume wangu ana soksi sita zisizo na pacha," anasema. "Ameshaacha kuuliza."

Kazi hii ilimtia adabu miaka miwili iliyopita. Diski ya seva ilikufa saa nne asubuhi, akaurudisha mfumo kwa dakika arobaini, watu wakampigia makofi. Makofi hayajaisha, dereva mmoja akaingia na karatasi mkononi. "Mama, mbona maelekezo ya nyumba hayapo?"

Hayakuwepo. Wapokea simu walikuwa wameyahamishia kwenye folda mpya bila kumwambia, na orodha yake ya vitu vya kunakiliwa bado ilikuwa na folda ya zamani. Kila siku kompyuta ilimwandikia kwamba nakala imefaulu. Haikusema uongo. Ilinakili kile ilichoambiwa, na kile ilichoambiwa kilikuwa kitupu.

"Miezi minne nilikuwa nanakili hewa," anasema.

Madereva waliitwa kwa simu mmoja mmoja, wakataja nyumba kwa kukumbuka, yeye akiandika. Mzee mmoja, ambaye njia ya kwake hakuna aliyeikumbuka vizuri, alifikiwa mtungi wake ukiwa umebakiza robo saa. "Nilikwenda chooni nikalia," anasema Mama Nakala, bila kuzungusha maneno. Tangu hapo, kila Alhamisi anachukua kipande cha nakala, anakirudisha kwenye kompyuta ya akiba, na kusoma majina yaliyomo. Kuambiwa imefaulu hakumtoshi tena.

Leo ni Alhamisi. Dada amefika hatua ya tano. Anavua soksi moja, anachomeka diski ya Jumatano, ambayo ndiyo mpya kuliko zote. Nyuma yake Mama Nakala anafumba macho yote mawili, lile zima na lile bovu.

Nakala za sehemu zinawekwa kwa mpangilio: kwanza ile kamili ya Jumapili, kisha Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Daftari linasema tu, "Weka nakala za wiki." Mama Nakala, aliyeliandika, hakuona haja ya kuongeza neno. "Nani anaandika fungua mlango kabla ya kuingia?" alisema baadaye, kwa aibu kidogo.

Kompyuta inaonyesha wagonjwa arobaini na mmoja. Meneja anakohoa. Dada anajikuna kichwa kwa kalamu.

"Hawa wachache mno," anajisemea. "Bibi wa Ghorofani hayupo. Huyu tunaye tangu zamani, na wiki hii hakubadilisha chochote..." Anaziangalia soksi zilizobaki. "Ee! Kama hajabadilisha chochote, basi yuko kwenye ile ya Jumapili."

Anafuta vyote, anaanza upya na diski ya Jumapili, kisha zile tatu nyingine kwa zamu. Mama Nakala anatazama dari. Inapita saa nzima na ushee. Hatimaye orodha inafunguka: mia tatu na kumi na wawili.

"Inatosha," anasema meneja.

"Bado, bosi. Hatua ya kumi na moja inasema nisome." Anafungua faili la Bibi wa Ghorofani na kusoma kwa sauti: "Ngazi tatu. Kengele haifanyi kazi. Gonga mara mbili, usubiri, anatembea taratibu."

Meneja anaisaini fomu ya likizo ya siku kumi kwenye fremu ya mlango. Mama Nakala analichukua daftari na kuandika chini ya hatua ya tano: anza na Jumapili, usiruke siku.

"Nimefurahi sana, na imeniuma kidogo," anakiri. "Miaka sita najiambia bila mimi hapa hapaendi."

Akirudi anataka kumfundisha mtunza ghala pia, ili daftari liwe na wasomaji watatu. Kabla ya hapo kuna upasuaji, Jumanne. Ana mjukuu wa miezi mitano ambaye yeye hajawahi kumwona usoni kwa macho yote mawili.

Zile mara tatu upasuaji ulipoahirishwa, anasema, hakuna aliyemzuia. Alifika hospitali, akavaa gauni la wagonjwa, akaketi kwenye benchi. Nesi alipomwambia azime simu, alibadilisha nguo akarudi kazini.

"Jumanne nitaizima mwenyewe," anasema, "hata kabla nesi hajafika."